Msimbo ni Madai, Hukumu Yataka Ushahidi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume Wake (SAW), twawaomba radhi wasomaji waliozoea kukuta hapa masuala ya malezi na ndoa. Wiki hii tunazungumzia injini ya gari, na atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba hatukutoka nje ya mlango wetu.

Gari la msikiti wetu, ambalo huwapeleka wafiwa makaburini na watoto madrasa, lilianza kukosa nguvu kwenye vilima na kula petroli kupita kawaida. Likisimama, injini ilinguruma kwa utulivu, lakini taa ya injini iliwaka na haikuzimika. Gereji ya kwanza ililipima kwa kompyuta, ikapata msimbo P0012, na papo hapo fundi akatoa fatwa: injini imekwisha, tafuteni ya mtumba. Nasi wa kamati tukatoa fatwa nzito kuliko yake. Tulisema mbele ya watu, baada ya Isha, kwamba mzee wetu dereva ameliua gari kwa uendeshaji mbaya. Mzee alinyamaza. Fedha pekee iliyokuwapo ya kununulia injini ilikuwa ile iliyochangwa kwa ajili ya paa la madrasa.

Kabla hatujaigusa amana hiyo, Imamu alitukumbusha Suratul-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tukalipeleka gari kwa fundi mwingine, kijana wa umeme wa magari. Aliusoma msimbo ule ule, akasema: "Masheikh, mashine haijasema injini imekufa. Imesema kamshafti haikufika ilikoagizwa. Sasa tutafute imezuiliwa na nini."

Injini nyingi za petroli za siku hizi zina mfumo wa kubadili wakati wa valvu kufunguka na kufunga, ambao Toyota huuita VVT-i. Kompyuta ya gari hutoa amri. Valvu ndogo ya umeme huielekeza oili ya injini. Presha ya oili huizungusha kamshafti kidogo, mbele au nyuma, ndani ya gia yake. Kisha sensa hurudisha habari. Kamshafti ikikwama mbele mno, msimbo huwa P0011, na aghalabu injini hutetemeka au kuzima ikiwa sailensa. Ikibaki nyuma, huwa P0012, na gari huwa zito. Kwa hiyo oili hapa si ya kulainisha vyuma tu. Ndiyo inayoitekeleza amri.

Kijana alianza kwa kuchomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwepo, lakini nyeusi na nzito kama lami. Akapima koili ya valvu ile, akapata omu 7.4, kipimo ambacho kwa valvu za Toyota za aina hiyo ni cha uzima. Kisha akaipa valvu umeme wa betri kwa muda mfupi, injini ikiwa sailensa. Mfumo ulio mzima, kamshafti husogea na injini ikatetemeka au kuzima. Yetu haikubadilika. Akaifungua valvu, akaipa umeme ikiwa mkononi. Ulimi wake ukaruka vizuri. Valvu hai, umeme upo, injini haisikii: basi oili haifiki. Akafungua bolti iliyo jirani, akatoa chujio dogo la waya, dogo kuliko ncha ya kidole. Lilikuwa limezibwa na masizi ya oili.

Alilisafisha, akamwaga oili, akaweka mpya pamoja na filta, akarudia jaribio lile. Injini ikatetemeka, ikakaribia kuzima. "Sasa imesikia," akasema. Alitueleza kwamba lau isingesikia, angekagua alama za cheni ya taiming, kisha gia ya kamshafti, na hata hapo injini nzima isingekuwa ya kutupwa.

Tulirudi ofisini tukiwa na furaha, tukafungua daftari la mihutasari kuandika gharama. Humo tukakuta, kwa mwandiko wetu wenyewe, kwamba mzee dereva alikwisha kuomba fedha ya oili katika vikao viwili, na mara zote mbili tuliandika: "Iahirishwe." Oili ya kubadilishwa kila kilomita 5,000 ilikuwa imetembea zaidi ya 12,000. Aliyeliua gari hakuwa dereva.

Ijumaa iliyofuata tulisimama pale pale tulipomtuhumu, tukamwomba radhi kwa sauti ile ile. Alitusamehe, kisha akauliza kama fedha ya oili ijayo imekwisha kutengwa. Imetengwa, na daftari la oili sasa liko mkononi mwake.

Ndugu msomaji, taa ya injini ikiwaka nyumbani kwako, usianze kwa kumuuliza mkeo, kijana wako au dereva wako ameligonga wapi. Tazama oili kwanza, kiwango chake na hali yake. Mwambie fundi akuandikie msimbo kabla ya kuufuta. Akisema kifaa kimekufa, mwombe akuonyeshe jaribio lililomthibitishia. Fundi mwaminifu hataudhika, kama kadhi mwadilifu asivyoudhika akiulizwa ushahidi. Na ukikuta kosa ni lako, lirudishe kwako mbele ya wale wale uliomtwika mwenzio.

Wabillahi tawfiq.