Mama Mkwe Hali Chakula Chako? Pigeni Hesabu Kwanza

Haya wapendanao, leo tuongelee ugomvi wa jikoni. Mama mkwe katoka Mabawe, kule Ngara, kaja Dar kutibiwa moyo. Wiki ya kwanza anakula vizuri, anacheka na wajukuu. Wiki ya tatu umempikia ndizi nyama, hazigusi. "Sina hamu, mwanangu." Usiku chumbani hakulaliki: mke anadai anadharauliwa, mume anadai mama yake hapendwi.

Kabla hamjanuniana, angalieni dawa zake. Kama kuna digoksini, shikeni adabu nayo. Dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana sana. Ikizidi mwilini, dalili za mwanzo ni kukosa hamu ya kula na kichefuchefu. Wengine huona vitu vya njano, halafu mapigo ya moyo yanavurugika.

"Mbona anameza kidonge kimoja tu kwa siku?" Sawa, ila dawa hii hutolewa zaidi na figo. Figo zikiwa nzima, nusu yake hutoka kwa siku moja na nusu hadi mbili, na kiwango kwenye damu hutulia baada ya wiki moja au siku kumi hivi. Figo zikichoka, nusu hiyo inaweza kuchukua siku 4, na kiwango kikapanda mpaka wiki ya tatu!

Wataalamu hukadiria mambo haya mapema kwa hesabu. Kanuni ya Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976, inataka umri, uzito, jinsia na kreatinini ya damu. Chukua mkamwana wa miaka 30 na mama wa miaka 70, wote kilo 50, kreatinini yao sawa, miligramu 1 kwa desilita. Figo za mkamwana zinasafisha kama mililita 65 kwa dakika, za mama 41 tu. Kidonge kilekile, damu mbili tofauti.

Hesabu ni makadirio. Kipimo cha damu ndicho huthibitisha, kikichukuliwa masaa 6 au zaidi baada ya kumeza.

Kwa hiyo mpelekeni mama hospitali siku hiyohiyo, kabla hajameza kidonge kingine. Bebeni dawa zake zote, hata zile za kupunguza maji mwilini, pamoja na majibu ya figo. Na wewe dada, usilie. Huenda mapishi yako hayana kosa lolote.