Usiiulize mashine kama nimesoma, niulize mimi

Katika ofisi zinazotumia Outlook kuna kidirisha kidogo kinachojitokeza mtu anapofungua baadhi ya barua pepe. Kinamweleza kwamba aliyemwandikia ameomba ajulishwe barua itakaposomwa, kisha kinamuuliza kama angependa uthibitisho huo upelekwe. Mpokeaji hajamaliza hata mstari wa kwanza, na tayari anatakiwa aamue kama mwenzake aambiwe siku, saa na dakika aliyoifungua barua. Wapo wanaokubali bila kufikiri, wapo wanaokataa kwa hasira, na wapo waliokwishaiagiza programu yao isiwaulize tena kamwe. Ninachotetea hapa ni kwamba ombi hilo halifai kuwa desturi ya mawasiliano ya kikazi. Anayetaka kujua kama barua yake imefika amuulize mtu, kwa maneno, ndani ya barua yenyewe. Na anayepokea ana deni la kukiri kwamba ameipata, hata pale ambapo hakuulizwa.

Wengi wanaoutaka uthibitisho wa kusomwa wanaamini unathibitisha mengi kuliko unavyoweza. Utaratibu wake uliwekwa na wahandisi wa intaneti mwaka 1998 katika waraka unaoitwa RFC 2298, ukarekebishwa mara mbili, na toleo la mwaka 2017 linajulikana kama RFC 8098. Waraka huo hauna makuu. Unasema kwamba taarifa inayorudi kwa mtumaji inaonyesha tu kuwa barua ilifunguliwa mbele ya mtu fulani anayesoma kisanduku kile, na hakuna dhamana kuwa yaliyomo yamesomwa wala kueleweka. Unakiri kuwa taarifa hizo zinaweza kughushiwa kirahisi sawa na barua pepe nyingine yoyote. Na unapendekeza kwa mkazo kwamba programu ipate ridhaa ya mpokeaji kabla ya kuituma. Kwa maneno mengine, waliokibuni chombo hiki walijua udhaifu wake, na walikiweka mikononi mwa anayeulizwa, ajibu au anyamaze.

Ofisini udhaifu huo unaonekana kila siku. Barua ya mkurugenzi hufunguliwa na katibu muhtasi wake, na mtumaji anapata taarifa kwamba mkurugenzi amesoma wakati mkurugenzi yuko safarini Dodoma na hajui lolote. Mwingine anapitisha macho kwenye orodha ya barua, programu inamfungulia mojawapo pembeni, nayo inahesabiwa kuwa imesomwa. Aliyeisoma kwenye simu, neno kwa neno, huenda asitoe taarifa yoyote kwa sababu programu ya simu yake haishughuliki na maombi hayo. Mwenye akaunti binafsi ya Gmail hawezi hata kuomba, kwa kuwa Google imeiacha huduma hiyo kwa akaunti za kazini na mashuleni peke yake. Kuna na lile linaloumiza bila sababu: mtu akisafisha kisanduku chake na kufuta barua za zamani ambazo hakuzifungua, aliyeziandika anaweza kupokea taarifa, miezi mingi baadaye, kwamba barua yake imefutwa bila kusomwa. Huenda jambo lenyewe lilikwishamalizwa kwa simu siku ile ile, lakini mashine imepeleka tusi ambalo hakuna aliyelikusudia.

Utamaduni wetu wa ofisi ulikuwa na jibu la swali hili kabla ya kompyuta, na bado unalo. Barua ikipelekwa wizarani, halmashauri au kwenye shirika, anayeipeleka hubeba kitabu cha dispachi chenye tarehe, namba ya kumbukumbu, mahali inakokwenda na nafasi ya sahihi ya mpokeaji. Karani wa masijala anagonga muhuri wa kupokelewa kwenye barua na kwenye nakala ya mtumaji, anatia tarehe, anasaini. Barua inaingizwa kwenye jalada, jalada linapanda kwa mhusika, naye anaandika dokezo lake. Angalia jinsi kazi zilivyogawanywa hapo. Mtumaji anaondoka na ushahidi kamili kwamba ofisi imepokea, na kuanzia tarehe ya muhuri ule ofisi nzima inawajibika. Lakini hakuna tarishi aliyewahi kusimama mlangoni kwa bosi akisubiri kuona atafungua bahasha saa ngapi, wala hakuna aliyedhani ana haki hiyo. Kupokea ni jambo la ofisi na linadaiwa. Saa ambayo mtu alikaa na kusoma ni yake, yeye na kazi zake nyingine. Uthibitisho wa kusomwa unaruka lile tunalostahili kujua na kwenda kuchungulia lile lisilotuhusu.

Ndiyo maana unaudhi, hata kwa watu wasioweza kueleza kinachowaudhi. Mgeni mwungwana hupiga hodi, akisubiri aambiwe karibu. Asipoitikiwa baada ya mara tatu huondoka arudi baadaye, na hazunguki nyuma kuchungulia dirishani kama mwenye nyumba amelala au anamkwepa. Katika kazi, jambo hili linazidi kuwa zito kwa sababu ya ngazi. Mkuu wa idara anayeambatisha ombi hilo kwenye kila barua kwa walio chini yake anawaambia kwamba anahesabu dakika zao, na barua aliyoituma saa nne usiku inageuka mtego: ukiifungua anajua kwamba uko macho na unadaiwa jibu. Mdogo anayemwekea mkubwa wake ombi kama hilo anafanya kosa jingine. Hawezi kusimama mbele ya mtu huyo na kumwambia, je, umeshaisoma barua yangu au bado? Angesema: Shikamoo Mkuu, naomba kufahamu kama barua yangu ya tarehe 3 imekufikia. Adabu hiyo aliyonayo mdomoni anaikabidhi mashine, na mashine haina adabu. Mwombaji wa kazi anayelibandika ombi hilo kwenye barua yake ya maombi anajidhuru zaidi, kwa sababu neno la kwanza analolipata mwajiri kutoka kwake ni dai.

Naijua hoja ya wanaopinga, na ina uzito: kuna barua ambazo lazima uweze kuthibitisha. Barua ya kuacha kazi, notisi ya kuvunja mkataba, malalamiko yenye ukomo wa siku. Hapa tuangalie sheria yenyewe inataka nini. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara ya kielektroniki, iliyotolewa na UNCITRAL mwaka 1996 na kufuatwa na nchi nyingi, inaanza kuhesabu pale ujumbe unapoingia kwenye mfumo ambao mpokeaji ameuteua. Haiulizi kama ameufungua. Kenya, ilipofanyia marekebisho Kanuni za Mashauri ya Madai mwaka 2020 ili hati za mahakama ziweze kupelekwa kwa barua pepe, iliweka sharti la uthibitisho kwamba barua imefika. Haikuweka sharti la kusomwa, na kwa sababu nzuri: lingekuwepo, kila mdaiwa angejiokoa kwa kutofungua barua. Tanzania nayo, katika Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, imekataza ujumbe wa kielektroniki kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Barua yako iliyotumwa, yenye tarehe na anwani sahihi, ni ushahidi kwa nafsi yake. Jibu la mpokeaji la mstari mmoja ni ushahidi mkubwa zaidi. Kama jambo ni zito kiasi cha kukukosesha usingizi, chapa nakala, ipeleke masijala, gongewa muhuri. Taarifa ya kusomwa, ambayo mpokeaji anaweza kuizuia kwa kubonyeza mara moja, ndiyo kinga dhaifu kuliko zote.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wenye haki ya kulalamika. Mzabuni mdogo amepeleka mzigo kwa mujibu wa hati ya ununuzi (LPO), ametuma ankara kwa mhasibu, na wiki ya tatu inakwisha bila neno. Anaandika tena, kimya. Anaweka ombi la uthibitisho wa kusomwa ili angalau asije akaambiwa kwamba ankara haikuonekana. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu, ila naona kwamba chombo alichokishika hakimsaidii. Tuseme taarifa imerudi: mhasibu amefungua barua Jumanne saa tano na dakika kumi. Mzabuni sasa anajua nini asichokijua jana? Hajui kama ankara imeingizwa kwenye mfumo wa malipo, kama kuna kiambatisho kinachokosekana, kama imekwama kwa anayeidhinisha, wala kama hundi itasainiwa mwezi huu. Kilichoongezeka ni uchungu, maana jana alikuwa anasubiri na leo anaamini anapuuzwa. Barua ingemfaa zaidi kama ingefungwa kwa swali linaloweza kujibiwa: naomba unithibitishie kwamba ankara hii imeingizwa, na kama kuna hati inayokosekana uniambie kabla ya Ijumaa. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa na mashine. Linamlazimisha mtu ajibu, na akinyamaza, ukimya wake unaonekana kwenye maandishi kwa yeyote atakayekuja kukagua.

Lakini mzigo mkubwa wa lawama hapa uko kwa anayenyamaza. Ofisi zetu nyingi zimezoea kudhani kwamba barua pepe isiyo na jibu tayari haidai lolote. Mtu anasema moyoni, nitamjibu nikishapata majibu ya fedha, na majibu ya fedha yanachukua mwezi, na mwezi mzima aliyeandika hajui kama barua yake iliangukia kwenye takataka za barua zisizotakiwa. Kukiri kupokea hakuhitaji majibu ya fedha. Nimeipata, inashughulikiwa, nitakuandikia Alhamisi: maneno manne yanatosha kuondoa sababu yote ya kufuatiliwa. Taasisi inayowakataza wafanyakazi wake kutumia uthibitisho wa kusomwa bila kuwadai adabu hii ya kukiri itakuwa imewanyang'anya wanaoandika fimbo yao na kuwaacha gizani. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Kuna watakaosema kwamba vita hivi vilikwisha zamani, maana WhatsApp ilituzoesha tiki za bluu tangu Novemba 2014 na dunia haikuanguka. Kwanza, muda mfupi baadaye WhatsApp yenyewe ililazimika kumpa mtumiaji njia ya kuzizima, na wapo wanaozizima. Pili, tiki hizo ziko wazi kwa pande zote: ukizizima zako huzioni za wenzako. Kwenye barua pepe kuna aina ya ufuatiliaji isiyo na uwazi hata huo, na ndiyo inayonitia hofu kuliko kidirisha cha Outlook. Mtumaji anapachika ndani ya barua picha ndogo isiyoonekana. Barua ikifunguliwa, picha inaitwa kutoka kwenye seva yake, naye anapata saa, aina ya kifaa na mara nyingine eneo la mpokeaji, bila kuuliza mtu. Mwaka 2019 programu ya Kimarekani ya Superhuman ilishutumiwa vikali kwa kuliwasha jambo hilo kwa watumiaji wake wote pamoja na eneo la mpokeaji; kampuni ikaondoa taarifa za eneo na kuacha ufuatiliaji uwe umezimwa mpaka mtu auwashe. Mwaka 2021 Apple ilianza kuziita picha hizo kabla mtu hajafungua barua, kusudi wafuatiliaji wasijue lolote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na msingi wa zote mbili ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa njia halali na kwa lengo analofahamishwa. Idara ya masoko au ya rasilimali watu inayopachika picha hizo kwenye barua zake bila kusema neno ijiulize kama imezisoma sheria hizo. Kidirisha cha Outlook, pamoja na usumbufu wake, angalau kinauliza.

Sisemi ombi la uthibitisho lifutwe kabisa. Tangazo la dharura la usalama kazini, mabadiliko ya chumba cha mtihani usiku wa kuamkia mtihani, taarifa ya daktari wa zamu kubadilishwa: hapo mtumaji ana sababu, na inatosha aiandike juu ya barua ili kidirisha kikijitokeza mpokeaji ajue kwa nini. Usiofaa ni ule mpangilio wa kuomba uthibitisho kwa kila barua, hata ya kutakia Idi njema. Wakuu wa vitengo mnaousoma ukurasa huu, fungueni mipangilio ya programu zenu za barua leo na muuzime. Kisha itisheni orodha ya barua zilizoingia ofisini kwenu juma hili ambazo hakuna aliyezikiri, na wenye barua hizo waandikiwe kabla ya kufunga ofisi.