Hodi si usumbufu: acheni kuzima ulinzi wa kamera kwenye localhost

Leo sina habari ya simu mpya wala programu ya kupakua bure. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu, sisi tunaotengeneza tovuti.

Vijana wa hapa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini huniandikia swali moja kila mara: "Kaka, kamera inafanya kazi kwenye laptopu, lakini nikifungua ukurasa kwa simu inakataa. Nizime nini?" Sikilizeni hayo maneno mawili ya mwisho. Anauliza azime nini, haulizi kwa nini imekataa. Na majibu wanayopeana ni yale yale: washa swichi fulani ya Chrome, bonyeza ruhusu daima, mambo kwisha. Mimi nasema hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

Kwa wasiofanya kazi hii, nieleze kidogo. Ukitaka ukurasa wa wavuti ufungue kamera au maikrofoni, unaita kazi inayoitwa getUserMedia. Kivinjari hakikubali hivi hivi. Kwanza kinatazama ukurasa umetoka wapi. Kama umekuja kwa https, sawa. Kama umetoka kwenye kompyuta hiyo hiyo, yaani localhost au 127.0.0.1, pia sawa, kwa sababu data haipiti njiani ambako mtu anaweza kuichezea. Kama umekuja kwa http tupu kutoka mashine nyingine, hapana. Chrome ilianza kukataa hivyo mwaka 2015, toleo la 47, na Firefox ikafuata mwaka 2019, toleo la 68. Baada ya hapo ndipo dirisha dogo linatokea na kumuuliza mwenye simu: unaruhusu au unakataa?

Sasa kijana ameandika kazi yake kwenye laptopu, localhost:3000, kila kitu shwari. Anataka kuijaribu kwa simu. Anaandika http://192.168.1.5:3000 kwenye simu na kamera inagoma. Tena inagoma kwa lugha ya ajabu: navigator.mediaDevices haipo kabisa, na kosa linalotokea halitaji https hata mara moja. Hapo nawalaumu wenye vivinjari. Kama mlango umefungwa, mwambie mgeni kwamba umefungwa na kwa sababu gani. Usijifanye kwamba nyumba haina mlango. Lakini ujumbe mbaya wa kosa si sababu ya kuvunja kufuli.

Maana ndivyo tunavyofanya. Chrome ina swichi ya kukiambia kivinjari kichukulie anwani fulani ya http kana kwamba ni salama. Jina la swichi yenyewe lina neno linalomaanisha "bila usalama", yaani waliotengeneza walikuonya kabla hujaigusa. Kijana anaingiza 192.168.1.5 na kusahau. Ndugu zangu, 192.168.1.5 si anwani yako. Ni namba ambayo ruta yoyote inaweza kumpa mtu yeyote. Leo nyumbani ni laptopu yako. Kesho kwenye Wi-Fi ya hoteli ya Nairobi ni mashine ya mtu usiyemjua, na simu yako bado inaihesabu kuwa salama. Na kwa kuwa ni http, aliye kwenye mtandao huo anaweza kubadilisha ukurasa ukiwa njiani.

Kosa la pili ni hilo la "ruhusu daima" kwenye localhost. Wengi hudhani wameruhusu mradi wao. Hapana. Kivinjari hakijui mradi. Kinajua vitu vitatu: http au https, jina la mashine, na namba ya poti. Ukiipa http://localhost:3000 ruhusa ya kudumu, umeipa kila kitu kitakachowahi kukaa kwenye poti hiyo. Wiki ijayo unapakua mfano wa msimbo wa mtu kutoka GitHub, unaendesha kwenye poti 3000 kama kawaida, nao unaingia na kuwasha maikrofoni bila kuuliza, kwa sababu ulishasema daima. Pamoja na msimbo huo umepakua mamia ya vifurushi vya npm ambavyo hujasoma hata kimoja. Mtu akiniambia hilo haliwezekani namkumbusha Novemba 2018, ilipogundulika kwamba kifurushi maarufu cha event-stream kilikuwa kimeingiziwa msimbo wa kuiba bitcoin kutoka kwa watumiaji wa pochi ya Copay. Waliokipakua hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama sisi, wenye haraka.

Lakini madhara kwa laptopu zetu si ndiyo yanayonikasirisha zaidi. Laptopu ni yako, ukitaka kuiacha wazi ni shauri yako. Kinachonikasirisha ni kwamba fundi aliyezima dirisha la ruhusa hajawahi kuona kile atakachoona mtumiaji wake. Anatengeneza nyumba ambayo yeye huingilia dirishani, kisha anashangaa wageni kulalamika kuhusu mlango.

Mfano ninao. Niliitwa kurekebisha tovuti ya masomo ya shule moja ya kaunti hii, na jina lake silitaji. Ukifungua ukurasa wa kwanza tu, kabla hata ya kuandika jina, ilitaka kamera na maikrofoni. Mzazi aliyekuja kuangalia karo aliombwa kamera. Akikataa, alibaki na ukurasa mweupe. Wazazi wakawa wanasema tovuti haifunguki, na aliyeitengeneza akawa anaapa kwamba kwake inafunguka vizuri sana. Bila shaka kwake ilifunguka! Kivinjari chake kiliruhusu kila kitu tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa kushughulikia NotAllowedError, yaani jibu ambalo kivinjari hutoa mtu akisema hapana.

Sasa mfikirie huyo mzazi. Wengi hapa Kitengela wanaishi chumba kimoja au viwili. Kamera ikiwaka inaonyesha kitanda, nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya vumbi na upepo wa nje, mtoto anayeoga kwenye beseni. Maikrofoni inasikia mazungumzo ya mume na mke na redio ya jirani. Mtu huyo hana chumba cha ofisi cha kujifungia. Kwake, dirisha la ruhusa ndilo pazia pekee lililobaki, na sisi tunamzoeza kulibonyeza bila kusoma kwa sababu tunaliita usumbufu.

Si usumbufu. Ni hodi. Sisi tulilelewa hivyo: hufungui mlango wa mtu kwa sababu umechoka kusimama nje. Unapiga hodi, unajitambulisha, unasema shida yako, unangoja karibu. Pwani hodi ni mara tatu, usipoitikiwa unarudi zako. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata Chrome ina adabu hiyo: mtu akilifunga dirisha la ruhusa mara tatu bila kujibu, tovuti hiyo inazuiwa kuuliza tena kwa muda. Mashine imeelewa hodi, fundi wa Kiafrika ndiye anatafuta swichi ya kuiruka!

Mtu atasema, "Wewe unakuza mambo, huu ni mbofyo mmoja tu." Haya, tuzungumze kuhusu mbofyo mmoja. Julai 2019 mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha kwamba programu ya Zoom kwenye kompyuta za Mac ilikuwa imeweka seva ndogo ya wavuti, kwenye localhost hiyo hiyo tunayoipenda. Tovuti yoyote iliweza kuongea na seva hiyo na kumwingiza mtu kwenye mkutano kamera ikiwa wazi. Ukifuta Zoom, seva ilibaki na iliweza kuirudisha programu. Apple ililazimika kutuma sasisho la kimya kimya kuiondoa. Na kampuni ilieleza kwa nini seva ile iliwekwa: kumpunguzia mtumiaji mbofyo mmoja wa ziada ambao Safari 12 ilikuwa imeleta. Mbofyo mmoja! Walioamua hivyo walikuwa mafundi wazuri waliodhani wanamsaidia mteja.

Na wale wanaosema sheria zetu za Kenya ni za makaratasi, wasome tena. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema, kifungu cha 32, kwamba anayekusanya data ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba aliruhusiwa, na aliyeruhusu ana haki ya kubadili nia. Kifungu cha 41 kinataka ulinzi uwekwe tangu kitu kinapobuniwa, usiwe kiraka cha baadaye. Tangu kubuniwa maana yake ni localhost, ndugu yangu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwaka huo huo tuliona foleni za KICC, watu wakipigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya shilingi elfu saba hivi. Serikali ilisimamisha kazi hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Wale watu walisema ndiyo, tena kwa mdomo wao, lakini mahakama haikuona kwamba ndiyo ya namna ile inatosha. Sembuse ndiyo ya mzazi aliyebonyeza ili aone karo?

Nakubali hoja moja ya vijana: kujaribu kwa simu ni lazima, kwa sababu watumiaji wetu wako kwenye simu za Android na si laptopu. Na nakubali kwamba njia wanazopenda wenzetu wa ng'ambo, za kupitisha ukurasa wako kwenye seva ya mbali ili upate https, zinakula bando na zinakufa mtandao ukikatika. Lakini kuna njia ambayo haili bando hata kidogo, na haizimi ulinzi wowote. Inaitwa waya wa USB.

Fanya hivi. Kwenye simu ya Android, nenda mipangilio, gusa namba ya toleo la mfumo mara saba ili menyu ya watengeneza programu ifunguke, kisha ruhusu USB debugging. Chomeka waya. Kwenye laptopu andika:

adb reverse tcp:3000 tcp:3000

Au tumia ukurasa wa chrome://inspect, sehemu ya kuelekeza poti. Sasa fungua http://localhost:3000 kwenye simu. Simu inaona localhost, kivinjari kinaridhika, dirisha la ruhusa linatokea kama litakavyomtokea mtumiaji, na hujatumia hata senti ya data. Mwenye iPhone, tumia mkcert ya Filippo Valsorda kutengeneza cheti chako cha https, weka cheti mama kwenye simu na ukiamini kwenye mipangilio. Ila faili la ufunguo wa cheti mama usimpe mtu yeyote, wala usilipandishe GitHub.

Majaribio ya kujiendesha yenyewe ni jambo jingine. Hapo tumia swichi za Chrome za kamera ya bandia, lakini kwenye wasifu wa pembeni, usiotumia kwa kazi zako za kila siku.

Na kwenye tovuti yenyewe, mambo manne tu:

1. Usiombe kamera ukurasa unapofunguka. Omba mtu anapobonyeza kitufe kinachosema wazi kamera ni ya nini.

2. Usiombe vyote viwili kama unahitaji kimoja. Somo la kusikiliza halihitaji sura ya mtu.

3. Andika njia ya hapana kabla ya njia ya ndiyo. NotAllowedError ni mtu aliyekataa, NotFoundError ni kifaa kisicho na kamera, NotReadableError mara nyingi ni kamera inayotumiwa na programu nyingine. Kila mmoja anastahili maneno yake, kwa Kiswahili, na nafasi ya kuendelea bila kamera.

4. Ukimaliza, ita stop() kwenye kila track ya mkondo. Kuweka enabled kuwa false ni kufumba macho tu, kifaa bado umekishika. Mgeni aliyemaliza shida yake huaga na kutoka.

Kila unapoanza siku ya kazi, futa ruhusa za localhost, au chagua ile ya kuruhusu mara hii tu. Utabonyeza mara nyingi, ndiyo. Ukichoka kubonyeza, usikimbilie swichi. Jiulize kwa nini tovuti yako inapiga hodi mara nyingi hivyo, kisha kairekebishe. Ukiona dirisha lako linakukera wewe uliyelitengeneza, basi mama wa Kitengela analichukia mara kumi, na yeye hana chrome://flags.