Mjenzi wa Kivule hakuasi mpango wowote

Kila masika Dar es Salaam inapojaa maji, lawama huwaangukia watu walewale: wamejenga holela, hawataki kufuata sheria, wanangoja fidia. Maneno haya yamesemwa redioni na vikaoni hadi yanachukuliwa kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Nayapinga, hasa yanapotamkwa na viongozi wa halmashauri.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Kuandaa mpango, kuutangaza kwa wananchi, kusikiliza pingamizi zao na kutoa kibali cha ujenzi ni kazi yake, kupitia wataalamu wake na kamati ya madiwani. Hapo ndipo swali linapoanzia, maana mtu hawezi kufuata mchoro ambao haupo. Mpango Kabambe wa jiji wa 1979 ulikusudiwa kwa miaka 20. Ulipoisha muda wake hapakuwa na mwingine wa kuurithi, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya muongo mzima.

Watu hawakuacha kuja wala kuzaliana. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,487,288 mkoani Dar es Salaam. Ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Ni ongezeko la karibu milioni 1.9. Mwaka huohuo wa 2002 Serikali ilianzisha Mradi wa Viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Bunju, Kibada na Tuangoma. Ulikuwa mradi mzuri, nausifu. Lakini gawanya ongezeko hilo kwa watu wanne kwa kaya, utapata kaya zaidi ya 450,000. Hata viwanja vile ukivizidisha mara mbili, kaya zilizobaki zilitakiwa zilale wapi?

Zilikwenda pembezoni mwa jiji, Kivule, Goba na Chanika, zikanunua vipande vya mashamba. Zilinunua mchana kweupe. Muuzaji na mnunuzi walikaa ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akashuhudia, mkataba ukagongwa muhuri, na mara nyingi ofisi ikachukua asilimia yake. Baadaye zikaja nguzo za umeme. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia manunuzi ya umeme wa LUKU, iwe nyumba ina kibali cha ujenzi au haina. Serikali iliyoshuhudia mauziano, ikaunganisha umeme na kukusanya kodi, haina haki ya kuja na rangi nyekundu, kuchora X ukutani na kumwita mwenye nyumba mvamizi.

Tunaambiwa pia kwamba kanuni za matumizi ya ardhi ni utaalamu mtupu, usio na upendeleo. Dar es Salaam yenyewe inakanusha. Wakoloni waliugawa mji huu kwa kanda za majengo: Oysterbay ya Wazungu, Upanga ya Wahindi, Kariakoo ya Waafrika, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga Waafrika na wengine. Utawala wa wakoloni uliisha, lakini mgawanyo wa viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa ukaendelea. Anayepanga ukubwa wa kiwanja ndiye anayeamua nani ataweza kukinunua.

Sitetei nyumba zilizo ndani ya bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na mto haujali hati wala leseni ya makazi. Waliomo wahamishwe, wapewe pa kwenda. Ila bonde ni sehemu ndogo ya mji, na halipaswi kutumiwa kuwahukumu wote waliojenga nchi kavu.

Na hao waliojenga nchi kavu si maadui wa mpangilio. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi wenyewe walichimba mifereji na kutengeneza njia za mtaa wao katika mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Walipoitwa, walikuja.

Kwa hiyo halmashauri ziache kungoja urasimishaji wa makazi yaliyokwisha kujengwa, ambao ni kulipia kwa gharama kubwa kazi iliyocheleweshwa. Msongola na Mbondole mashamba bado yanakatwa vipande na kuuzwa. Ziende huko na vigingi vya barabara na mifereji kabla ya mnunuzi mwingine kufika, na mchoro ubandikwe kwenye ofisi ya mtaa, ukutani, karibu na meza ile inayosainiwa mikataba.