Punguzo la Mwalimu Lisilomfikia Mwalimu

Agosti 2024 Microsoft iliuondoa mpango wake wa A1 Plus, uliowaruhusu walimu na wanafunzi wa taasisi zilizosajiliwa kusakinisha Word, Excel na PowerPoint kwenye kompyuta zao bila kulipa hata senti. Kilichobaki bure kwa shule ni matoleo ya kufungulia kwenye intaneti. Tangu hapo, kila linapozuka suala la programu za wizi kwenye kompyuta za walimu, jibu huwa tayari mdomoni: wanunue matoleo ya punguzo ya walimu na wanafunzi, si yapo? Jibu hilo limenichosha. Kwa mwalimu wa shule ya serikali aliyeko Kiwira, Masoko au Lwangwa, wilayani Rungwe, punguzo hilo halipo. Limetangazwa kwa jina lake, lakini hawezi kulipata, na kinachomzuia zaidi si ufinyu wa mshahara wala ukali wa kampuni. Anazuiwa na mwajiri wake, ambaye hajampa kitu kimoja kidogo cha kuthibitisha kwamba yeye ni mwalimu.

Tuanze na bei. Office ya kununua mara moja kwa matumizi ya nyumbani, toleo la 2024, inauzwa dola 149.99. Kwa viwango vya miaka hii, hiyo ni pesa inayokaribia shilingi 400,000. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma, hata baada ya kupandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000, ni shilingi 500,000. Na serikali nayo haiko mbali na mauzo haya: tangu Sheria ya Fedha ya 2022, huduma za kidijiti zinazouzwa kutoka nje zinatozwa VAT kama bidhaa nyingine. Kwa upande wa pili yuko fundi wa mjini Tukuyu, anayeweka Windows na Office siku hiyohiyo kwa pesa ambayo mwalimu anaitoa mfukoni bila kukopa. Katika pengo hilo ndipo toleo la punguzo lingekuwa na kazi ya maana.

Matoleo hayo si mapya. Mwaka 2003 Microsoft iliuza Office iliyoitwa kabisa toleo la wanafunzi na walimu, ikiruhusu kompyuta tatu kwa kununua mara moja. Toleo la 2007 likamwondoa mwalimu kwenye jina, likawa la nyumbani na wanafunzi, kwa sharti lisitumike kibiashara. Kufikia 2013 kompyuta tatu zilikuwa zimebaki moja. Mwaka 2024 hata mwanafunzi akaondolewa kwenye jina. Kwa hiyo leo, anayetaka bei ya ualimu au ya uanafunzi lazima aithibitishe hadhi hiyo kupitia taasisi yake. Autodesk inatoa AutoCAD bure kwa wanafunzi na walimu, kwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Adobe inapunguza bei kwa zaidi ya nusu. Wote wanauliza swali moja: wewe ni wa shule gani, na nitajuaje?

Wapo watakaonikumbusha kwamba sheria ni sheria. Ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, na siwatetei wanaovunja kufuli za programu. Wengine wanasema kampuni ina haki ya kuhakiki, la sivyo kila mfanyabiashara atajiita mwalimu. Hilo nalo nalikubali. Wengine wanauliza kwa nini walimu wasitumie LibreOffice, ambayo ni bure na haihitaji intaneti. Watumie, nami nawahimiza. Nchi hii ilikuwa na Jambo OpenOffice, programu ya bure ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 2004. Lakini majedwali na fomu anazotumiwa mwalimu kutoka juu huja kwa Excel na Word, na anatakiwa kuyarudisha yalivyo, bila mstari kuhama. Wapo pia wanaosema walimu walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Jaribu kujaza matokeo ya wanafunzi mia kwa masomo tisa kwenye kioo cha kishikwambi, kwa bando lako mwenyewe, halafu utafute pa kuprinti.

Hoja zote hizo zinakwepa jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloamua: uthibitisho.

Tazama fomu yenyewe ya kuomba punguzo. Unachagua nchi, unachagua kama wewe ni mwalimu au mwanafunzi, kisha unaandika jina la shule. Orodha inakuletea vyuo vikuu na shule zinazofahamika. Shule ya sekondari ya kata iliyo juu mlimani haimo. Hatua inayofuata inakutaka uandike anwani ya baruapepe ya taasisi yako. Mwalimu anaandika ya Gmail, maana ndiyo aliyo nayo, na mara nyingi hata shule yake inatumia ya Gmail. Fomu inakataa palepale: hiyo si anwani ya taasisi ya elimu. Kama kampuni ina huruma kidogo, inamruhusu apakie hati yenye jina lake, jina la shule na tarehe ya mwaka huu. Barua yake ya ajira ni ya miaka kadhaa nyuma, na shule inayotajwa humo siyo aliyohamia. Kitambulisho cha kazi cha mwaka huu hana. Basi anafunga fomu na kumpigia fundi.

Mlinganishe na kijana aliyemfundisha. Kijana huyo amefaulu, amejiunga na chuo kikuu kinachowapa wanafunzi wake anwani zinazoishia na ac.tz. Anaiandika anwani hiyo mara moja tu, na ndani ya dakika chache amekubaliwa. Anapata bure au kwa nusu bei kitu ambacho mwalimu wake wa kompyuta, aliyemfundisha kushika kipanya, hawezi kukipata kwa hadhi yake. Wote wawili wametajwa kwenye tangazo lilelile. Tofauti yao ni kwamba taasisi ya mmoja imemtambulisha na ya mwingine haijafanya hivyo.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, kwa sababu serikali inamjua mwalimu huyu kuliko inavyomjua karibu mtumishi mwingine yeyote. Ana cheki namba. Yumo kwenye kumbukumbu za Tume ya Utumishi wa Walimu. Ana namba ya NIDA. Akitaka kuhama, anaomba kupitia mfumo wa ESS. Utendaji wake wa kazi anaujaza kwenye PEPMIS. Watoto wake wa shule ya msingi anawasajili kwenye PReM ya Baraza la Mitihani, na fedha za shule zinaandikwa kwenye FFARS. Kila mfumo unamtambua na unamdai kazi. Yote haya anayafanya kwa kompyuta, na mara nyingi kompyuta ni yake na bando ni lake. Mwajiri anayeweza kumtambua mtumishi wake katika mifumo yote hiyo pale anapomdai kazi, hawezi kukosa namna ya kumtambulisha pale ambapo utambulisho huo ungemwokolea mwalimu mamia ya maelfu ya shilingi.

Na kinachohitajika si mradi wa mabilioni. Katika majina ya mtandao ya Tanzania, yale yanayoishia na .tz, kuna kundi la sc.tz lililotengwa kwa ajili ya shule. Ada ya mwaka ya jina moja haizidi bei ya rimu chache za karatasi. Wilaya ya Rungwe ina halmashauri mbili, ya Rungwe yenyewe na ya Busokelo, na halmashauri zina maafisa TEHAMA. Halmashauri ikisajili jina moja tu kwa shule zake zote, inaweza kumpa kila mwalimu anwani inayofungwa na cheki namba yake: akiajiriwa inafunguliwa, akistaafu inafungwa. Hata wasiwasi wa kampuni kuhusu matapeli unakuwa umejibiwa, kwa sababu anayethibitisha ni mwajiri mwenyewe.

Hata historia ya matoleo haya inafundisha hivyo. Aprili 2007, akiwa Beijing, Bill Gates alitangaza kifurushi cha Windows na Office cha wanafunzi kwa dola 3. Hakikuwa cha mtu kuingia dukani na kukinunua. Kilikuwa cha serikali zitakazowanunulia wanafunzi wao kompyuta. Punguzo kubwa limekuwa likipitia mikononi mwa taasisi, na taasisi isiyojitokeza inawaacha watu wake nje. Malipo hayamfungi tena mtu, kwani siku hizi hata kwenye simu unapata kadi ya kulipia mtandaoni. Uthibitisho haununuliwi kwa simu.

Pigo la A1 Plus nalo linaeleweka vizuri zaidi ukilitazama kutoka hapa. Word ya kwenye intaneti mtu yeyote anaifungua bure kwa akaunti yake binafsi, hata kama hajawahi kusimama mbele ya darasa. Faida kubwa ya kuwa mwalimu aliyesajiliwa ilikuwa ni kusakinisha, ili kazi iendelee bando linapokwisha au mtandao unapoyumba, jambo ambalo kwenye milima yetu, msimu wa mvua, si geni. Nailaumu kampuni kwa kuiondoa faida hiyo. Lakini taasisi zilizokuwa zimejisajili zilikuwa na miaka kadhaa ya kuifaidi. Shule ambayo haikuwahi kuwa na anwani yake ilipitwa na fursa hiyo tangu ilipofunguliwa hadi ilipofungwa. Nyingine zitakuja, kama ambavyo AutoCAD ya bure iko wazi hivi sasa, wakati mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari na walimu wa ufundi wanahitaji programu za kuchora. Nazo zitatupita vilevile.

Anayelipia uzembe huu mwishoni ni mwanafunzi. Nenda steshenari yoyote karibu na stendi ya Tukuyu wiki za mitihani. Utamwona mwalimu ameinama nyuma ya kijana anayechapa, akimsomea swali moja moja kutoka kwenye karatasi aliyoandika kwa mkono, huku mteja mwingine akisubiri kutoa kopi ya kitambulisho na macho yake yako kwenye kioo. Mtihani ukishaprintiwa, unabaki kwenye kompyuta ya duka. Mwalimu anarudi na flashi yake, na kesho yake akiichomeka kwenye kompyuta ya shule, mafaili yote yamegeuka njia za mkato kwa sababu ya kirusi. Halafu mtihani ukivuja, tunaanza kumhoji yeye uaminifu wake. Huwezi kudai siri ya mtihani kwa mtu uliyemwacha akachape mtihani huo sokoni.

Mwalimu anayefungua steshenari yake na kutumia toleo la punguzo kuwachapia wateja barua za kuomba kazi amevunja masharti, na akiambiwa asitoe kisingizio. Lakini huyo ni wa kushughulikiwa baada ya yule mwenzake aliyetaka kufuata utaratibu na kukuta utaratibu haumtambui. Sisi tumeanzia mwisho. Tunahubiri uaminifu kwa watu tuliowanyima njia ya kuwa waaminifu kwa bei wanayoimudu.

Kwa hiyo halmashauri zote mbili, ya Rungwe na ya Busokelo, zisajili majina ya mtandao kwa ajili ya shule zao na kumpa kila mwalimu anwani yake. OR-TAMISEMI, inayosimamia shule hizi nchi nzima, iifanye kazi hiyo kuwa agizo badala ya kuiachia hiari ya afisa mmoja mwenye bidii. LibreOffice isakinishwe kwenye kila kompyuta ya shule wakati kazi hiyo ikiendelea. Na mpaka itakapokamilika, anayemwambia mwalimu wa Rungwe akanunue toleo la walimu aketi naye kwanza mbele ya ile fomu, amwoneshe ni anwani gani ataijaza.