MHANDISI WA MJI NI WA NANI?



Huenda wakawapo kati yenu watakaoishika karatasi hii na kuuliza: ya Bukoba na Muleba yatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ilhali ya kwetu wenyewe hayajakwisha? Swali ni la haki, nasi twalijibu kabla halijaulizwa. Bukoba si mji mgeni kwa wapinzani wa visiwani. Mwaka 2000, wakati sisi tukiwa katika dhiki ambayo hapana haja ya kumweleza msomaji wa kurasa hizi, wananchi wa mji ule ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria walimpeleka Bungeni Bwana Wilfred Lwakatare kwa tiketi ya CUF, akakaa upande mmoja na wabunge wa Pemba. Mwaka 2015 wakamrudisha, mara hiyo kwa tiketi ya CHADEMA, na halmashauri ya manispaa yao ikaingia mikononi mwa upinzani. Watu waliokula chumvi nasi namna hiyo, khabari zao ni khabari zetu. Tena jambo lililowafika wao latunyemelea na sisi.

Jambo lenyewe ni hili. Mji mdogo unapotaka barabara, mtaro, soko au shule, je, uwe na mhandisi wake mwenyewe, anayelipwa na mji na kuulizwa na mji, aijuaye kila kalvati kwa jina la mtaa wake? Au uwaite wahandisi wa kukodi, au wa kuletwa, kila kazi na mtu wake, na kazi ikiisha waende zao?

Sisi tulio madukani twalifahamu jambo hili bila ya kwenda chuo kikuu. Gunia la mchele likiteremshwa mlangoni, haliingii ghalani kwa kilo zilizoandikwa na mwenye kuliuza. Huwekwa juu ya mzani wetu. Si kwamba kila muuzaji ni mwizi, hasha. Wengi wao ni watu wa kheri na twasali nao safu moja. Lakini mwenye duka asiye na mzani hawezi hata kulalamika, kwani hajui kama amepunjwa. Na siku moja tulijisahau. Tulimwita fundi atutazamie paa la duka. Yeye akakadiria, yeye akanunua mabati, yeye akaezeka, na yeye huyo huyo akatwambia kazi imekwisha salama. Masika yalipoingia, mvua ilinyesha juu ya sukari. Tulimlipa mwingine kuezeka upya, na sukari tukaimwaga.

Mji usio na mhandisi wake ni duka lisilo na mzani. Hatusemi mji ujenge kila kitu kwa mikono yake. Daraja kubwa, soko la ghorofa, mtambo wa maji, hivyo na waitiwe makandarasi, tena kwa zabuni ya wazi, kwani mji mdogo hauwezi kuweka magreda na wataalamu wa kila fani wakikaa kungojea kazi inayotokea mara moja kwa miaka kumi. Tusemalo ni kwamba yule anayeandika kinachotakiwa, anayepima kilichofanywa, na anayetia saini ya malipo au kukataa kuitia, awe mtu wa mji, na mabwana zake wawe madiwani waliochaguliwa na watu wa mji. Mikono na ikodiwe. Jicho lisikodiwe.

Sasa tazameni yaliyotokea Bara. Mwezi Julai 2017 Serikali ya Muungano ilizindua Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, chini ya TAMISEMI. Barabara za halmashauri, kilomita zaidi ya 100,000, zikatoka mikononi mwa madiwani, na wahandisi wa barabara wakahama pamoja nazo, na fedha zao. Miaka miwili baadaye, kwa Sheria Namba 5 ya 2019, ukaundwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, na wahandisi wa maji wa wilaya nao wakaaga halmashauri. Haikuwa hila dhidi ya Bukoba peke yake, lazima tuseme kweli. Halmashauri za chama tawala zilinyang'anywa vile vile. Lakini kwa Bukoba matokeo yalikuwa haya: watu walipiga kura Oktoba 2015, wakachagua madiwani wa kuwatengenezea mji, na kabla miaka miwili haijatimia, barabara, ambayo ndiyo kitu cha kwanza akiombacho mpiga kura, ikawa si kazi ya madiwani wale tena. Lawama ziliachwa barazani, uwezo ukaenda zake.

Diwani wa Bukoba au wa Muleba akisimamishwa njiani na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, akaulizwa kalvati lililozolewa na mvua litarudi lini, hana wa kumwagiza. Anaye wa kumwomba. Meneja wa wakala yuko wilayani, ana ofisi, huja barazani akatoa taarifa yake kwa adabu. Lakini mshahara wake, uhamisho wake na khofu yake viko Dodoma. Na yule mwenye pikipiki anayenunua lita ya petroli pale Bukoba hulipa tozo ya barabara, ambayo mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara hizo za wakala. Shilingi yaondoka Bukoba, yapanda mpaka Dodoma, na ikirudi hurudi kwa hisabu iliyopigwa huko. Sisi watu wa visiwani safari ya shilingi namna hiyo twaijua vizuri.

Wala si mara ya kwanza. Wazee mtakumbuka mwaka 1972, ilipotangazwa siasa ya Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu, ukilisikia wadhani mwananchi ameongezewa madaraka. Kumbe halmashauri zilizochaguliwa zilivunjwa na kazi zao wakakabidhiwa maofisa wa mikoa na wilaya. Na hapa msomaji akae kitako: mpango ule ulitengenezwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani, McKinsey, iliyokodiwa kwa kazi hiyo. Yaani hata fikira ya kuiondolea miji mabaraza yake ilikuwa ni ya kukodi! Miji ikachakaa, mifereji ikaziba, taka zikarundikana, kipindupindu kikazuka, na mwaka 1978 ikabidi ipitishwe sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Zikafuata sheria za 1982, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena mijini na wilayani. Miaka kumi na miwili imepotea. Washauri wale walikuwa wamekwisha rudi kwao zamani.

Bukoba ni mji wa mvua. Hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, mto Kanoni wapita ndani ya mji ukielekea ziwani, na ziwa lenyewe mwezi Mei 2020, na tena Mei 2024, lilipanda kufikia kimo ambacho hakikuwahi kuandikwa kabla yake. Katika mji kama huo mtaro si jambo la kujenga na kusahau. Mtaro una khabari zake: wapi hujaa kwanza, nani alijenga ukuta juu yake, bomba gani lilipitishwa chini yake na mwaka gani. Khabari hizo hazimo katika mkataba wowote. Zimo katika kichwa cha mtu aliyekaa mahali pamoja miaka kumi na mitano, akatembea kwa miguu wakati mvua inanyesha. Mtu wa kukodi huja kiangazi, akapiga picha, akaandika ripoti yenye jalada zuri.

Tena kuna kazi moja ya mhandisi ambayo haionekani, nayo ni kukataa. Wenzetu wa Kagera wana MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Sisi tunayo Spice Islander ya tarehe 10 Septemba 2011. Sote tumezika, na wengine hatukupata hata wa kuwazika. Sote twajua hutokea nini pale asipokuwapo mtu mwenye elimu na mwenye idhini ya kusema: hapana, chombo hiki kimejaa, hakiondoki.

Tarehe hiyo hiyo ya 10 Septemba, mwaka 2016, ardhi ya Bukoba ilitikisika wakati wa alasiri kwa kipimo cha 5.9. Walikufa watu wasiopungua 17, na nyumba kwa mamia zikaanguka au kupasuka. Wakubwa walikuja, wataalamu walikuja, misaada ilikuja, na shule ya Ihungo ikajengwa upya. Hayo ni mema na hatuyakanushi. Lakini mwenye nyumba ya matofali yenye ufa ukutani, anayetaka kujua usiku wa leo alale ndani na watoto au alale mgombani, huyo hahitaji mgeni wa wiki mbili. Amhitaji mkaguzi wa majengo wa mji, anayejulikana anapokaa, na ambaye alikuwapo pia siku msingi wa nyumba ile ulipochimbwa akasema haufai.

Watatwambia: lakini majengo yalibakia kwa halmashauri. Kweli, na tazameni yalivyobakia. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 kwa sababu ya UVIKO, na katika matumizi yake ikaamuru vijengwe vyumba vya madarasa 15,000 katika muda wa miezi michache, shilingi milioni 20 kila chumba, kwa mtindo uitwao fosi akaunti, yaani halmashauri hununua vifaa yenyewe na kuwapa kazi mafundi wa mtaani bila ya mkandarasi. Hapo wale wale waliosema halmashauri haiwezi hata kuziba shimo la barabara, ghafla wakaona yaweza kusimamia madarasa ya wilaya nzima kwa mara moja! Tulifurahi fundi wa mtaani kupata riziki. Lakini nani alizunguka kulipima zege? Muleba si wilaya ya kuzunguka kwa baiskeli. Ina vilima vya migomba na kahawa, na ina visiwa, Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe, Mazinga, ambako mfuko wa saruji hushuka lori ukapanda boti, ukala unyevu njiani, na bei yake ikapanda pamoja na mawimbi. Watu wa Tumbatu na Kojani hawahitaji kuelezwa hayo. Mhandisi mmoja, hata awe na mbawa, hawezi kuwapo kila penye koleo. Basi fosi akaunti isiyo na wahandisi wa kutosha si kufanya kazi kwa mikono ya nyumbani, bali ni kufumba jicho lile tulilolisema huko juu.

Iko hoja moja yenye uzito, nasi hatutaikwepa. Wanasema madiwani ni wagomvi na wapenda chochote, na mhandisi akiwa chini yao watamtumia kama punda. Nao watataja Bukoba yenyewe: jinsi madiwani walivyogombana kati ya 2012 na 2014 juu ya mradi wa soko kuu na wa viwanja, hata Agosti 2013 chama tawala mkoani kikawafukuza madiwani wake wanane, na wakubwa wa chama hicho hicho wakaja kuwarudisha, na Januari 2014 Mkaguzi Mkuu akapeleka Bukoba taarifa yake ya ukaguzi. Yote ni kweli. Lakini angalieni mwisho wake. Ukaguzi ulifanywa, taarifa ikasomwa, na mwaka 2015 wapiga kura wakatoa hukumu yao. Meneja wa wakala atapigiwa kura na nani?

Sisi tuliokaa vyuoni tulisomeshwa kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan, na yule binti alipomshauri baba yake amwajiri. Alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Urahisi wa ujira hakuutaja. Na mwalimu wetu alikuwa akiongeza kwamba binti yule hakuletewa sifa hizo kwa barua. Alimwona mwenyewe kisimani, akiwanywesha wanyama wao.

Sasa upo mradi wa TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia kwa miji 45 ya Bara, na Bukoba imo, kama ilivyokuwamo katika mradi wa miji 18 uliotangulia. Mkopo ni deni la wajukuu wa watu wale. Kwa hivyo twauliza: mshauri msimamizi akishafunga mkoba wake, na kipindi cha uangalizi cha mkandarasi kikiisha, michoro ibakie wapi? Lango la maji likikwama usiku wa mvua, agongewe nani mlango?

Na hapa twarudi nyumbani. Unguja tulikuwa na mradi wa ZUSP, kwa mkopo wa benki hiyo hiyo, uliojenga ukuta wa Mizingani na mitaro mikubwa ya maji ya mvua. Ukuta ni mzuri, na jioni twakaa kupunga upepo hapo. Lakini je, katika mabaraza yetu ya manispaa na ya miji, Unguja na Pemba, wako wahandisi wangapi walioajiriwa na baraza lenyewe, na wangapi walioazimwa? Mtaro ukizibika Jang'ombe, ni mtumishi wa baraza gani awezaye kufungua kabati na kutoa mchoro wake? Twawaomba wanachama wetu walio madiwani waende wakaulize kabla ya masika, waombe waonyeshwe daftari la mitaro, na watwandikie walichoonyeshwa. Kurasa hizi zitachapa majibu kama yalivyo, hata kama walichoonyeshwa ni kabati tupu.