Hilo doa jekundu kwenye ramani ya malaria ni la lini?

Masika yakikaribia, swali la afya huku kwetu Pwani ni lile lile: pesa hizi chache zianzie wapi? Neti za nyongeza, dawa ya kupuliza kutani, wahudumu wa kupita nyumba kwa nyumba, vyote havitoshi kila kijiji. Jibu linalovutia ni ramani yenye madoa mekundu. Mimi sina ugomvi na ramani. Nauliza tu hilo doa ni la lini.

Programu maarufu ya kutafuta madoa hayo ni SaTScan, iliyobuniwa na Martin Kulldorff, mtaalamu wa takwimu kutoka Uswidi, na hupatikana bure. Haina uganga. Hupitisha duara juu ya ramani, mara kubwa mara dogo, na kila mahali hulinganisha wagonjwa waliomo na idadi ambayo ingetarajiwa lau ugonjwa ungeenea sawasawa. Ukitia na tarehe, duara huwa kama pipa: kitako chake ni eneo, kimo chake ni muda. Kisha kompyuta huzichanganya takwimu upya, aghalabu mara 999, kupima kama kundi hilo lingeweza kutokea kwa bahati tu. Lakini anayechagua mwisho wa ukubwa wa duara na urefu wa muda ni mtu. Akibadilisha miaka, doa laweza kuhama kijiji.

Hili si jambo la kubuni. Watafiti wa KEMRI-Wellcome, hapo hapo Kilifi, walichapisha utafiti mwaka 2010 wakionyesha vitovu vya aina mbili. Vitovu vya watu wenye homa ya malaria vilihamahama miaka ikipita. Vitovu vya watu wenye vimelea mwilini bila homa vilibaki palepale. Maelezo yao ni kwamba penye mbu wengi watoto hujenga kinga upesi. Mtoto haugui tena, ila damu yake ingali na vimelea vya kuchukuliwa na mbu. Mwaka 2014, kwa kumbukumbu za zahanati ya Pingilikani, ikaonekana kuwa ndani ya kitovu mna kitovu kingine, mpaka kufikia boma moja moja.

Kwa hivyo kijiji kilichotulia kwenye daftari la zahanati chaweza kuwa ndicho kinachowaambukiza majirani, na ramani ya mwaka jana pekee itakiruka. Tena kuna vijiji vilivyo mbali, ambako mgonjwa hununua vidonge dukani akalala. Huko doa halitoki, maana programu haimhesabu asiyeandikwa.

Wala kukipata kitovu si kumaliza kazi. Kule Rachuonyo, Nyanza, vitovu vilishambuliwa kwa neti, dawa za kumeza, upuliziaji na kuua viluwiluwi. Matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha nafuu ndogo ya muda ndani ya vitovu, na nje yake hakuna.

Afya imo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mwakilishi wadi akiletewa ramani aulize ni ya miaka mingapi, na kama kuna waliopimwa damu bila kuwa na homa. Programu ni bure. Gharama iko kwenye kuwapima watoto wazima shuleni, na fungu hilo ndilo ningependa kuliona kwenye bajeti.